UZI: Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana tunayemjua kwa kifo cha Westgate tu. Tuongelee maisha yake

Msomaji wa Kurasini (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Kila Septemba watu wakikumbushana Westgate, lile jengo la maduka Nairobi lililoshambuliwa 2013, lazima utaona jina la Kofi Awoonor kwenye orodha ya waliouawa, "mshairi maarufu kutoka Ghana", basi, wanapita kwa mwingine. Inaniuma sana. Mzee alikuwa na miaka 78, karibu miaka 50 kati ya hiyo alikuwa anachapisha vitabu, alihariri jarida la fasihi nchi ikiwa ndo kwanza imepata uhuru, alikaa jela, akawa balozi, halafu sisi watu wa huku, aliyetufia mikononi mwetu, tunajua siku yake ya mwisho tu. Nataka tuongelee hizo siku zingine. Nitaandika kwa vipande maana ni ndefu, mwenye swali aulize hapo hapo.

Alizaliwa 13 Machi 1935 kijiji kinaitwa Wheta, kusini mashariki mwa Ghana, wakati huo ikiitwa Gold Coast. Ni wa kabila la Waewe (mmoja anaitwa Mwewe), wale Waewe wa Anlo wanaokaa kati ya wangwa na bahari upande wa mji wa Keta. Waewe mpaka wa wakoloni umewakata katikati, wengine wako Ghana wengine Togo. Jina alilopewa ni George Kofi Nyidevu Awoonor-Williams. Hilo jina la Nyidevu lishikeni, tutarudi kwake.

Sasa kitu cha kwanza cha kumwelewa huyu mzee ni bibi yake. Bibi alikuwa mwimbaji wa mbolezi, zile nyimbo za msibani, na kwa Waanlo hiyo ni sanaa kabisa ina watunzi wake wanaojulikana kwa majina, ina ngoma zake, ina mpangilio wake. Mtunzi anatunga, kikundi kinapokea, watu wanakumbuka kwamba wimbo huu ni wa fulani. Mtoto alikulia humo. Baadae kasoma Kiingereza chote mpaka akashiba lakini ukimsoma unasikia mtu anayeongea na wafu kama mnavyoongea nyie na jirani.

Niwape mfano mmoja nitulie nao kidogo. Kuna shairi lake, The Sea Eats the Land at Home, kuhusu bahari inavyokula nchi kwao. Keta ni mji ambao bahari imeumega kweli kweli kwa miaka mingi, mitaa imezama, hata ile ngome ya zamani ya watumwa, Fort Prinzenstein, sehemu yake imeliwa na mawimbi. Serikali ilikuja kujenga kuta za kuzuia maji miaka mingi mno baadae. Awoonor kwenye shairi hakuandika "mabadiliko ya pwani" wala nini. Kaandika bahari imeingia usiku wa manane, ikabomoa kuta za saruji, ikabeba kuku, vyungu na miiko ya kupikia. Halafu anakuonyesha mwanamke mmoja anaitwa Aku, amesimama pale chungu chake kilipokuwa, watoto wake wawili wanatetemeka kwa baridi, mikono kifuani, analia. Mwingine anaitwa Adena, vidani vyake vya mahari vimekwenda na maji. Ni asubuhi ya Jumapili, mbuzi na kuku wanatapatapa majini. Na ule mstari wa bahari kula nchi unarudi na kurudi kama kiitikio cha msibani, kwa sababu ndivyo ulivyo, ule ni msiba wa mji mzima umeandikwa kama mbolezi. Mtu yeyote wa pwani yetu anayejua maji yakiingia nyumbani yanachukua nini kwanza atalielewa hilo shairi bila mwalimu.

Naendelea muda si mrefu.

nyota_ya_ziwa

Mkuu endelea, nipo hapa. Hiyo ya kuongea na wafu imenigusa, huku kwetu Kanda ya Ziwa wamama wakilia msibani wanaimba wanamtuma marehemu, nenda kamwambie baba fulani hali iko hivi na hivi. Kumbe na wenzetu wanayo.

Mwalimu wa Zamu

Asante kwa uzi. Mimi nafundisha fasihi na kwa kweli wanafunzi wanamjua Achebe na Soyinka, wengine wote wa Afrika Magharibi ni majina tu ya kukariri. Tuletee na upande wa uhariri maana mara nyingi unasahaulika.

Msomaji wa Kurasini

Mwalimu nakuja huko huko.

@nyota_ya_ziwa umegusa penyewe. Shairi lake linalojulikana kuliko yote, Songs of Sorrow, ndo hilo hilo unalolisema. Mtu anaanza kwa kulalamikia majaaliwa yake, kwamba yamemtupa kwenye miiba ya msituni, na anasema mambo ya dunia hii ni kama kinyesi cha kinyonga, umeshakikanyaga, unafuta hakitoki. Halafu anaanza kutuma salamu kwa waliotangulia: nenda kawaambie nyumba yao inaanguka, miti ya uani imeliwa na mchwa, wageni wanatamba mahali petu. Na mmoja wa hao anaowatumia salamu anaitwa Nyidevu. Yaani jina lake mwenyewe la katikati. Anamlalamikia mzee wa ukoo ambaye yeye mwenyewe amebeba jina lake, kwa hiyo mlalamikaji na mlalamikiwa wanashea jina. Nikisoma pale nasimama kila mara.

Haya, shule. Alisoma Achimota, shule kubwa ya Accra iliyotoa wakubwa wengi, kisha chuo kikuu cha Ghana pale Legon, akamaliza 1960. Jamani piga picha Accra ya 1960. Uhuru una miaka 3, Nkrumah yuko kileleni, mwaka huo huo nchi inakuwa jamhuri. Vijana waliomaliza chuo wanapewa kazi ambazo mzungu alikuwa anazifanya juzi. Awoonor akabaki Legon kwenye taasisi ya masomo ya Afrika, na hapo ndo akashika uhariri wa jarida la Okyeame.

Okyeame lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, Efua Sutherland yule mama wa tamthilia za Ghana alikuwa miongoni mwa waliolisukuma. Kabla ya hapo mwandishi kijana wa Ghana alikuwa na redio na vimkusanyiko vya hapa na pale. Jarida lilikuwa mahali ambapo mshairi Mghana anasomwa na Mghana mwenzake anayejua anachozungumzia, sio kusubiri mtu wa London aseme kama Kiingereza chako kimekaa sawa. Na mhariri wa jarida dogo la aina ile anafanya kila kitu, anaomba kazi, anasoma, anakata, anabembeleza, anafuatilia mtambo wa kuchapa. Mtu anayetaka kuandika mashairi yake tu hakai kwenye kazi hiyo. Yeye alikaa.

Kitabu chake cha kwanza, Rediscovery, kilitoka 1964, na hakikutoka London wala Accra, kilitoka Ibadan Nigeria kwa Mbari. Mbari ilikuwa klabu ya waandishi na wasanii iliyoanza 1961, akina Soyinka, Okigbo, J.P. Clark, Mphahlele wa Afrika Kusini na Mjerumani Ulli Beier. Kwa hiyo Mghana anachapwa na Wanaijeria, kwa pesa kidogo, kitabu chembamba. Kwenye jalada anaitwa bado George Awoonor-Williams.

mlenga shabaha

Mkuu samahani nikukatishe. Niliwahi kusikia kwamba hilo shairi la Songs of Sorrow mistari mingi sio yake, ni ya mzee mmoja mwimbaji wa kwao, yeye katafsiri tu kaweka jina lake. Hii imekaaje? Maana kama ni hivyo mi naona ni wizi, tusizungushe.

Bintimwambao

Swali zuri hilo. Huku kwetu mtu akichukua beti za mtu mwingine bila kusema ni aibu kubwa, washairi wanajibizana magazetini mpaka kieleweke.

Msomaji wa Kurasini

Swali halali kabisa na halizungushwi. Mzee anayesemwa ni Vinoko Akpalu, mtunzi mkuu wa mbolezi wa Anlo, na ni kweli sehemu kubwa ya malalamiko na picha za kwenye Songs of Sorrow zimetoka kwenye nyimbo za Akpalu. Wasomi wa Kiewe wenyewe akina Kofi Anyidoho, ambaye naye ni mshairi, wameliandika hilo wazi.

Mimi naliona hivi. Kijana wa miaka ya 1950 na 60 amefundishwa mashairi ya Kiingereza, yale yenye vina na maua ya ulaya, anatafuta sauti. Anarudi kwenye sauti aliyoisikia kwa bibi yake. Anachukua vipande vya nyimbo tofauti, anavipanga upya, anavishona viwe malalamiko ya mtu mmoja na ya ukoo mzima na ukisoma vizuri ya nchi nzima iliyoingiliwa na wageni. Huo mpangilio ni wake. Picha nyingi sio zake. Yote mawili ni kweli na hakuna haja ya kuficha moja.

Lakini kinachonifanya nimheshimu ni alichokuja kufanya baadae. 1974 alitoa kitabu kinaitwa Guardians of the Sacred Word. Alirudi kwa wazee wenyewe, Akpalu, Komi Ekpe na Amega Dunyo, akarekodi, akatafsiri, akawachapisha kwa majina yao na habari za maisha yao, kila mmoja na nyimbo zake. Wazee ambao dunia ingewaita "mapokeo" bila jina wakawa washairi wenye majina kitabuni. Komi Ekpe kwa mfano alikuwa gwiji wa halo, zile nyimbo za kutukanana za Waewe, kikundi na kikundi mnachambana hadharani kwa ufundi mpaka mtu akose pa kuficha uso. Nadhani watu wa mipasho wananielewa. Na Awoonor mwenyewe akaandika mashairi ya matusi kwa Kiingereza akifuata njia hiyo, yako kwenye Ride Me, Memory ya 1973, makali na yanachekesha.

Kwa hiyo @mlenga shabaha, deni lilikuwepo, na alililipa kwa kazi ya uhariri na tafsiri. Kwangu mimi ushairi wake na uhariri wake huwezi kuvitenganisha. Kote kule anafanya kitu kile kile, anahakikisha sauti za watu wake zinafika mahali zilikokuwa hazifiki.

mlenga shabaha

Hapo nimekuelewa. Nilikuwa sijui hiyo ya 1974. Nakubali kwa asilimia kubwa, ingawa bado naona lile shairi lingechapwa na jina la Akpalu pembeni tokea mwanzo ingekuwa vizuri zaidi.

Msomaji wa Kurasini

Hilo nakubaliana na wewe, hata mimi ningependa iwe hivyo.

Mwalimu wa Zamu

Hapa lazima nimtaje Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda. Ni kipindi hicho hicho, Song of Lawino ilitoka 1966, naye alichukua nyimbo za Waacholi akajenga juu yake. Wanafunzi wangu huwa wanadhani Okot alikuwa peke yake. Magharibi kule Awoonor, huku Okot, kila mmoja anatoka kwenye ngoma ya kijijini kwao.

Msomaji wa Kurasini

Mwalimu umenirahisishia. Na uzi wa kuwaunganisha upo: jarida la Transition. Lilianzishwa Kampala 1961 na Rajat Neogy, Mganda mwenye asili ya India, likawa ukumbi wa Afrika nzima, mtu wa Accra anasomwa Kampala na wa Kampala anasomwa Ibadan. Serikali ya Obote ikamweka Neogy kizuizini 1968, jarida likafa kwa muda, likafufukia Accra mwaka 1971. Yaani majarida yale yalikuwa yanakimbilia kwa jirani kama wakimbizi.

Tuendelee. Miaka ya kati ya 60 Awoonor akapewa kuongoza shirika la filamu la Ghana, Nkrumah alitaka nchi itengeneze picha zake yenyewe. Akaanzisha na Ghana Playhouse. Halafu 24 Februari 1966 jeshi likampindua Nkrumah akiwa safarini Asia. Awoonor alikuwa mtu wa upande wa Nkrumah, mambo hayakuwa mazuri, akaondoka kwenda kusoma chuo kikuu cha London, akawa anaandika na michezo ya redio ya BBC. Kutoka hapo Marekani, chuo cha Stony Brook jimbo la New York, akafundisha fasihi linganishi mpaka akawa mkuu wa idara, udaktari akapata 1972.

Huko ughaibuni ndo alitoa vitabu kwa mfululizo. 1971 peke yake kuna mashairi, Night of My Blood, kuna riwaya, This Earth, My Brother, na kuna Messages, mkusanyiko wa washairi wa Ghana aliouhariri pamoja na G. Adali-Mortty, ukatoka kwa wachapishaji Heinemann kwenye ule mfululizo wao wa waandishi wa Afrika. Mtu yuko mbali na nyumbani, jina lake linaanza kupanda, na bado anakaa anakusanya mashairi ya wenzake ili nao watoke. Na kufikia hapo majina ya George na Williams ameshayaweka pembeni, ni Kofi Awoonor.

Riwaya yenyewe sio nyepesi, nawaambia mapema. Ni ya mwanasheria anaitwa Amamu, amesoma amefanikiwa, anazunguka Accra iliyojaa uozo baada ya uhuru na taratibu akili inamwachia, mwisho anaishia baharini. Sura zinabadilishana kati ya simulizi ya kawaida na nathari ya kishairi. Ukiisoma kama hadithi ya kawaida utachoka, ukiisoma kama mbolezi refu la nchi unaipata.

Bintimwambao

Na jela? Ulisema alikaa jela.

Msomaji wa Kurasini

Ndo nafika. 1975 akaamua kurudi nyumbani, akapata kazi chuo kikuu cha Cape Coast idara ya Kiingereza. Nchi iko chini ya jeshi, Acheampong. Miezi michache tu, 31 Desemba 1975, wakamkamata. Kosa wanalosema ni kumsaidia brigedia mmoja aliyetuhumiwa kupanga mapinduzi, naye ni Mwewe, akavuka kwenda Togo. Wakamfunga Ussher Fort, ngome iliyojengwa na Waholanzi karne ya 17 pale pale ufukweni Accra, ikageuzwa gereza. Alikaa miezi bila kufikishwa mahakamani, akaja kuachiwa 1976.

Mashairi ya huko ndo yale ya The House by the Sea, 1978. Fikirini, mtoto wa Keta aliyeandika bahari inavyokula nchi kwao sasa amefungwa ndani ya ukuta na mawimbi yanapiga nje. Lugha yake inabadilika hapo, inakuwa kavu, fupi, ya wazi, siasa inaingia bila kuzunguka, anawataja wenzake wa jela, anataja Chile, anataja Afrika Kusini. Wapo wanaosema ushairi ulipungua. Mimi naona alivua nguo za sherehe akabaki na za kazi.

Bintimwambao

Nimemkumbuka Abdilatif Abdalla. Alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972 kwa ajili ya karatasi ya Kenya Twendapi, akaandika Sauti ya Dhiki akiwa ndani, kwenye karatasi za chooni. Kilipotoka 1973 kikaja kushinda tuzo ya Jomo Kenyatta, ya jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Hawa watu wangekaa meza moja wangeelewana sana.

Msomaji wa Kurasini

Sana. Na wote wawili wakiwa ndani walishikilia ushairi wa kwao, Abdilatif na bahari zake za Kiswahili, huyu na mbolezi.

Kirinyaga82

Niulize kitu wadau. Huyu mzee alifungwa na serikali ya kijeshi sawa. Lakini baadae akakuwa balozi wa Rawlings, ambaye naye aliingia na bunduki. Na akaandika kitabu cha kusifu hayo mapinduzi. Hapo mnasema aje? Mtu hawezi kulia juu ya jela halafu aende akule na serikali ingine ya jeshi.

Msomaji wa Kurasini

Karibu sana ndugu yangu. Hilo sitaliremba. Rawlings alichukua nchi 31 Desemba 1981, Awoonor akamuunga mkono, 1984 akatoa kitabu The Ghana Revolution na mwaka huo huo akapelekwa Brazil kuwa balozi, akakaa mpaka 1988, kisha Cuba mpaka 1990, kisha mwakilishi wa Ghana Umoja wa Mataifa mpaka 1994. Miaka ya mwanzo ya Rawlings watu waliuawa, mwaka 1982 majaji watatu walitekwa na kuuawa, ni aibu inayokumbukwa Ghana mpaka leo. Awoonor alikuwa mtu wa Nkrumah toka ujana, aliamini mapinduzi yale yanarudisha ile njia, na aliyaamini kwa moyo. Mimi kwenye hilo simfuati. Mtu aliyeonja kufungwa bila kesi nilitegemea awe mkali zaidi kwa waliokuwa wanafunga watu bila kesi. Wapo Waghana waliomsema sana kwa siasa zake na hawakukosea kumsema.

Ila nami nisimwage mtoto wa watu na maji yote. Brazil na Cuba zilimpa kitu. Kule alikutana na vizazi vya Waafrika waliovushwa baharini na ngoma zao, na yeye anatoka pwani ile ile watu walikopakiwa merikebuni. Mashairi yake ya Amerika ya Kusini na Karibiani yalitoka kama kitabu 1992, na mwaka huo huo riwaya ya pili, Comes the Voyager at Last, ya Mmarekani mweusi anayerudi Ghana. Hapo hakuandika kama mwanadiplomasia, aliandika kama mtu anayetafuta ndugu.

Baadae chini ya rais Mills akawa mwenyekiti wa Baraza la Taifa, wale wazee wanaomshauri rais, mpaka mwanzoni mwa 2013.

Kirinyaga82

Poa, umejibu bila kuzunguka. Sasa wacha niseme yangu kuhusu hiyo Jumamosi kwa sababu mimi ni wa Nairobi. Storymoja Hay Festival ilikuwa inafanyika kwa uwanja wa National Museum, Westgate ni karibu hapo tu Westlands. Tarehe 21 Septemba 2013. Watu walikuwa kwa vikao vya mashairi na hadithi za watoto simu zikaanza kulia. Mwanzo tulisikia ni wezi. Baadae ndio ikajulikana ni al-Shabaab, na hiyo kitu ikaenda mpaka Jumanne, watu 67 wakauawa. Usiku jina la Awoonor likaanza kuzunguka na hakuna aliyetaka kuamini, kwa sababu jioni hiyo hiyo ndio alikuwa asimame kusoma na washairi wengine wa Afrika. Sisi Wakenya tuliona aibu, mgeni wetu, mzee, tumemwita aje atusomee.

nyota_ya_ziwa

Dah. Pole sana ndugu.

Msomaji wa Kurasini

Asante kwa kutuletea hilo, wewe ulikuwepo mjini. Mwanawe alikuwa naye pale Westgate, alijeruhiwa lakini akapona. Mwili ukarudishwa Ghana siku chache baadae.

Na aliyekuja Nairobi hakuja kama mstaafu wa kupewa maua. Alikuwa na kitabu njiani. Kwame Dawes, mshairi aliyezaliwa Ghana akakulia Jamaika, alikuwa ameanzisha mradi wa kuchapa vitabu vya ushairi wa Afrika kwa chuo kikuu cha Nebraska, na kati ya vitabu vya kwanza kabisa walimweka Awoonor, mashairi mapya na teule ya kuanzia 1964 hadi 2013. Dawes mwenyewe alikuwa Nairobi kwenye tamasha lile. Mhariri wa kitabu ni Kofi Anyidoho, yule yule niliyemtaja juu, Mwewe mwenzake aliye mdogo kwake. Kinaitwa The Promise of Hope, kikatoka 2014 yeye hayupo.

Angalieni hapo, mtu aliyeanza kazi kwa kuhariri wenzake na kuchapa mbolezi za Akpalu kwa jina la Akpalu, kitabu chake kikubwa kinapangwa na kijana wa kabila lake anayezijua nyimbo zile kwa Kiewe. Hakuhitaji mhariri wa kumweleza mbolezi ni nini. Kwa mwandishi wa Afrika hiyo ni bahati kubwa, wengi wanahaririwa na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye msiba wa kwao.

Mwalimu wa Zamu

Nimejifunza mengi. Sasa swali la vitendo: kwa mtu anayeanza, au kwa darasa la kidato cha tano, aanze na nini? Vitabu vingine havipatikani kabisa madukani.

Msomaji wa Kurasini

Mwalimu mimi ningeanza na mashairi manne tu kabla ya kitabu chochote. La kwanza lile la bahari kula nchi, watoto waambie wataje vitu vyote vilivyobebwa na maji na kila kimoja kilikuwa na kazi gani mle ndani ya nyumba. La pili The Weaver Bird, yule ndege msuka viota anayekuja kutaga kwenye mti wenu pekee, mnamwangalia tu, mwisho anahubiri kama mwenye nyumba, halichukui dakika kuelewa anamsema nani. La tatu The Cathedral, fupi mno, mti mtakatifu unakatwa na linajengwa kanisa kubwa mahali pake, lisomwe kwa sauti. La nne ndo Songs of Sorrow, na hapo waambie habari za Akpalu kabisa, usiwafiche, wabishane kama tulivyobishana hapa na @mlenga shabaha.

Kitabu, ukiweza kupata The Promise of Hope chukua hicho kimoja kinatosha, kina karibu safari yote. This Earth, My Brother nakala za zamani za Heinemann bado zimo kwenye maktaba za shule kongwe na kwa wauza vitabu vya mtumba, ila mpe mwanafunzi anayependa kusoma kweli, sio darasa zima. Guardians ni ngumu kuipata, aliye karibu na maktaba ya chuo kikuu chenye idara ya fasihi aulizie. Mwenye nakala yoyote hapa aseme iko mji gani, walimu wa karibu naye waifuate.

Bintimwambao

Mimi ninayo This Earth, My Brother, niko Tanga. Ina kurasa mbili zimelegea lakini zote zipo. Mwalimu ukipita huku njoo uichukue.